Upatu wa Nalijua

Hapo zamani, wakati neno "sijui" lilikuwa likionewa haya hata kuliko leo, palikuwa na mji ukiitwa Kiwandeo, na katika mji huo alitawala Sultani Mahfudhi. Tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Hakunyang'anya mbuzi wa mtu, hakumtamani mke wa mtu, na kodi yake ililipika. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, nao waganga wote wa mji ule hawakuupatia dawa: alijua kila kitu. Alijua kabla hujamwambia, na ukishamwambia alijua zaidi yako.

Ikawa kila Alhamisi watu hukusanyika barazani pake kueleza shida zao. Sultani huketi kitini, kuumeni kwake Waziri Sudi, kushotoni kwake Kadhi, na karibu na nguzo husimama mtu mwenye upatu wa shaba na kijiti. Mtu akifika mbele, Sultani humwuliza, "Habari?" Naye mtu, kwa kuwa amelelewa, hujibu, "Njema, Maulana." Sasa wewe msomaji waijua desturi yetu. Mtu nyumba yake imeungua jana, ukimwuliza habari atakwambia njema, kisha ndipo atakapoitia ile "ila" yake: njema, ila nyumba imeungua. Ile njema ni adabu. Habari yenyewe hukaa nyuma ya ila. Katika Kiwandeo nzima kila mtu aliyafahamu hayo, ila Sultani.

Yeye akisikia njema husema, "Nalijua hilo!" na mwenye upatu hupiga, gwaa, na shauri huwa limekwisha. Aje mwingine.

Na kama mtu alikuwa mwepesi wa ulimi akawahi kuingiza neno la mbele, Sultani humsaidia kulimaliza. Siku moja alikuja mzee ambaye ukuta wake ulikuwa umeanguka. Akasema, "Njema, Maulana, ila ukuta wangu..." Sultani akasema, "Nalijua hilo. Wataka kuuongeza kimo. Ruhusa." Upatu ukalia. Mzee yule akarudi kwake na ruhusa ya kuongeza kimo cha ukuta uliolala chini, akaketi juu yake akafikiri. Mwanamke mmoja alikuja kulalamika kwamba mumewe hajarudi safarini, akapewa pongezi na doti ya kitambaa. Hakuna aliyesahihisha, kwa kuwa kumsahihisha Sultani ni utovu wa adabu, na ngomeni palikuwa na nafasi ya wafungwa.

Basi Sultani akawa anaamini kuwa mji wake ndio wenye raha kuliko miji yote ya dunia. Amewauliza watu mwenyewe, kwa kinywa chake, na wote wamemwambia njema.

Sasa huyu Sultani alikuwa na mama yake mzazi, Bibi Mwanakheri, akikaa katika shamba la Bungala, mwendo wa kutwa kutoka mjini. Bibi hakuupenda mji. Alisema una makelele na watu wengi wenye haraka. Zamani mwanawe alikuwa akienda kumtazama kila mavuno. Kisha akawa anapeleka salamu, kisha akawa anauliza salamu tu, na kila amwulizaye humwambia kuwa habari za Bibi ni njema, naye husema nalijua hilo. Hakuwa amemsahau mama yake, hasha. Alimpenda sana. Alijua tu kwamba hajambo.

Mtunzaji wa shamba lile alikuwa mtu mmoja jina lake Ngwali, mwenye mke aitwaye Mize na nyumba ndogo ukingoni mwa mji. Siku moja Ngwali akaja barazani, vumbi la njia miguuni, akasimama mbele ya Sultani.

"Habari?" akauliza Sultani.

"Njema, Maulana, ila Bibi..."

"Nalijua hilo. Bibi hajambo, anataka mbegu za kunde. Apelekewe."

Upatu ukalia. Watu wote hapo huinama wakaondoka. Ngwali hakuondoka. Akasema, "Maulana, uniwie radhi, ila..."

Baraza zima likashika pumzi. Hapajapata kutokea mtu akasema ila mbili. Sultani akamtazama kwa mshangao zaidi kuliko hasira, akawageukia wazee wake akasema, "Mtu huyu amesema habari ni njema. Kisha amesema ila. Mwenye habari njema hana ila, na mwenye ila hana habari njema. Ama amenidanganya mwanzo, ama anataka kunidanganya mwisho. Mwongo huyu. Afungwe ngomeni mpaka aje aniambie habari ni njema, anyamaze."

Waziri Sudi akasema, "Ndiyo hasa, Maulana." Alikuwa amekwisha kusema hivyo miaka mingi, na cheo chake kilikuwa kinamkaa vizuri.

Basi Ngwali akafungwa. Angaliweza kutoka kesho yake kwa neno moja, lakini hakulisema, kwa sababu alikuwa amemwekea Bibi Mwanakheri ahadi. Bibi yule macho yake yalikuwa yanazimika. Alianza kwa kutoona sindano, kisha kuku, kisha mlango. Akamwita Ngwali akamwambia, "Nenda ukamwambie mwanangu aje. Sina haja ya mganga wala ya zawadi. Nataka niuone uso wake kabla macho hayajaniaga. Umwambie yeye mwenyewe, sikioni mwake, usimpe mtu akupelekee." Ngwali akaapa. Sasa akikubali kusema habari ni njema na kunyamaza, ile ahadi atakuwa ameifanya nini? Akakaa ngomeni. Mize akawa anampelekea chakula, akirudi analia njia nzima bila kujificha, na mvua za vuli zikaanza, zikanyesha, zikaisha.

Mji wote ukapata kujua habari ya macho ya Bibi. Wauza samaki walijua, wapishi wa jumba la Sultani walijua, Waziri Sudi alijua. Lakini kila aliyepania kumwambia Sultani alifika mbele, akaulizwa habari, ulimi ukamtangulia kwa mazoea ukasema njema, na upatu ukalia. Adabu ni kitu kigumu sana kukiacha.

Katika mji huo palikuwa na mtu mmoja, Vuai. Vuai hakuwa na kazi wala shamba wala sahani. Kanzu aliyokuwa nayo ilikuwa nusu ya kanzu; nusu ya pili haijulikani ilikokwenda, na yeye hakuitafuta. Alilala penye kibaraza chochote chenye kivuli, na harusi zote za mji alihudhuria bila kualikwa, akakaa karibu na sinia. Watu walisema ana upungufu. Yeye mwenyewe akiulizwa husema ni kweli, ana upungufu, hasa wakati wa mchana.

Siku moja Mize, akirudi kutoka ngomeni, alimkuta Vuai ameketi njiani, akampa kilichobaki ndani ya bakuli, maana Ngwali alikuwa ameanza kukosa hamu ya kula. Vuai akala mpaka mwisho, akafuta bakuli kwa kidole, akauliza, "Dada Mize, huyu mumeo anasemaje hasa anapofika mbele ya Sultani?"

"Anasema njema, ila."

"Kwani ni njema?"

"Si njema! Bibi anapofuka na mume wangu anaozea ngomeni! Uliona wapi njema ya namna hiyo?"

"Basi mbona anaanza na uongo?" akasema Vuai, akaondoka zake, na Mize akabaki ameshika bakuli, hajui amtukane au amwite.

Alhamisi ilipofika Vuai akaenda barazani. Watu wakacheka walipomwona, wakampisha, wakadhani amekuja kuomba nusu ya pili ya kanzu. Akasimama mbele ya Sultani, akainama vizuri kabisa.

"Habari?" akauliza Sultani.

"Mbaya, Maulana."

"Nalijua hilo!" akasema Sultani, na upatu ukalia, gwaa.

Vuai akainama tena, akageuka, akashika njia ya kutoka.

Ile sauti ya upatu ikafifia. Sultani akatikisa kichwa kidogo, mithili ya mtu aliyeingiwa na maji sikioni. Akamtazama Waziri Sudi. Waziri Sudi akatazama dari.

"Hebu ngoja," akasema Sultani. "Wewe. Umesema nini?"

"Nimesema habari ni mbaya, Maulana. Nawe ukasema unalijua hilo. Nimefarijika sana, maana nilikuwa na wasiwasi kwamba huenda hulijui."

"Mbaya kwa lipi?"

"Ah, Maulana, mimi ni mtu duni. Kumwambia Sultani jambo analolijua ni kumfanya mtoto mdogo. Upatu umekwisha kulia. Niruhusu niende."

Watu waliokuwa nyuma wakaanza kuziba midomo kwa viganja. Sultani uso ukamwiva. Hakuweza kusema halijui, kwa kuwa amekwisha kusema analijua. Na kulijua, hakulijua. 

Akasema, "Umekuja kunichezea shere mbele ya raia zangu. Vyema. Nilete neno moja, moja tu, ambalo mimi silijui. Ukilileta, omba utakalo, nitakupa. Lakini likiwa nalijua, utafungwa pamoja na yule mwongo Ngwali. Alipo uwepo, alacho ule, mpaka siku nitakayokwambia basi. Mmesikia nyote?"

Wote wakasema wamesikia, na wengi wakamhurumia Vuai. Maana nani atakayeamua kama Sultani analijua neno au halijui? Ni Sultani. Na atasemaje? Kila mtu alijua atakavyosema, na mwenye upatu alikuwa amekwisha kuinua kijiti.

Vuai akajikuna shingo. "Maulana, mimi sikusoma. Kabla sijalitaja hilo neno, naomba nimwulize Kadhi jambo dogo."

"Muulize."

Kadhi alikuwa amesinzia, kwa sababu kwa miaka hiyo yote hakuna shauri lililomfikia. Akagutuka, akaweka kilemba sawa. Vuai akamwuliza, "Shehe wangu, mtu aweza kulijua jambo ambalo ni uongo?"

Kadhi alifurahi, almanusura asimame. "La! Kulidhani aweza. Kuliamini aweza, hata akaliapia. Lakini kulijua hawezi. Jirani yangu aliniapia kwamba anajua punda wake yuko zizini, na saa hiyo hiyo punda yuko shambani kwangu anakula mchicha. Je, alikuwa akijua? Hakuwa akijua kitu. Alikuwa akiamini, na mchicha wangu ukaliwa. Lijulikanalo ni la kweli, na lisilo la kweli halijulikani. Hayo ndiyo niliyosomea, na sikuwahi kuulizwa."

"Maulana amekubali?" akauliza Vuai.

"Nalijua hilo," akasema Sultani, na upatu ukalia.

"Ahsante, Maulana. Basi neno langu ni hili: lile Ngwali alilotaka kulisema baada ya ila."

Sultani akafungua kinywa. Mwenye upatu akarudisha mkono nyuma. "Na..." akasema Sultani, kisha asiendelee.

Sultani Mahfudhi hakuwa mjinga. Alikuwa na haraka tu, na mtu mwenye haraka huonekana mjinga mpaka atakapolazimika kusimama. Hapo alisimama. Akaona kwamba akisema halijui, Vuai ameshinda, naye ataomba atakalo, na atakaloomba liko ngomeni. Na akisema analijua, Kadhi amekwisha kutamka mbele ya umati: lijulikanalo ni la kweli. Basi Ngwali alisema kweli, na mkweli amefungwa kwa nini? Akageuza huku, akageuza kule, jasho likamtoka chini ya kilemba. Mwishowe akachagua lile lililomuuma kidogo.

"Nalijua hilo," akasema, taratibu.

Upatu ukalia.

Kadhi akasema kwa sauti ya upole, "Kama Maulana analijua, basi lile ni kweli, na Ngwali si mwongo."

"Afunguliwe," akasema Sultani, "na huyu Vuai afungwe."

Basi wakamleta Ngwali kutoka ngomeni, amekonda, macho yanamkwaruza kwa jua. Alipomwona tu Sultani akafungua kinywa, "Maulana, njema, ila..." Vuai akamkanyaga mguu. "Nyamaza, bwana. Maulana amesema analijua. Upatu umelia, watu wote wamesikia." Ngwali akatazama huku na huku hajaelewa neno, na Mize akaja akamshika mkono, akamwondoa.

Askari wakamkamata Vuai wampeleke ngomeni. Vuai akawauliza, "Ngomeni kuna nini?"

"Ndiko ufungwako."

"Mimi nimefungwa pamoja na Ngwali. Alipo niwepo, alacho nile. Hivyo ndivyo alivyosema Maulana, nanyi mmesikia. Ngwali huyo anakwenda kwake. Mkinipeleka kwingine mtakuwa mmevunja amri ya Sultani, na mimi singependa mpate matatizo."

Askari wakatazamana. Wakamfuata Ngwali mpaka nyumbani kwake, wakamkabidhi Vuai kwa Mize, wakafunga mlango kwa nje kidogo kisha wakaufungua, kwa kuwa ulikuwa mlango wa mwenyewe.

Jioni hiyo Mize alipika kwa furaha ya mumewe kurudi, na Vuai akala alacho Ngwali. Lakini Mize hakuwa ametulia. Akasema, "Wewe Vuai, umemtoa mume wangu, Mungu akulipe. Lakini neno la Bibi bado halijafika! Kwa nini ulimkanyaga asiseme?"

"Angesema njema, ila. Kisha?"

Mize akamwongezea chakula.

"Amelisema mara ngapi, nalo halijaingia? Mtu anayejua humwambii kitu, dada. Mpaka aulize."

"Na macho ya Bibi yatangoja?"

Hapo Vuai akaacha kutafuna. "Hilo ndilo linaloninyima raha," akasema. "Nile upesi, pengine Sultani hatachelewa kuja kuuliza."

Nako jumbani Sultani alikuwa amewekewa chakula, naye hakigusi. Ni nini alichotaka kusema yule Ngwali? Mwanzoni alijiambia kwamba ni kunde. Lakini mtu hakai ngomeni msimu mzima kwa ajili ya kunde. Akamwita Waziri Sudi, akasema kwa uvivu, kama mtu asiyejali, "Sudi, ile habari ya Ngwali, wewe unaionaje?"

"Kama unavyoiona Maulana."

"Nami naionaje?"

"Kwa busara, Maulana."

Akampa ruhusa aondoke. Mpishi akaja kuondoa sahani, akaona chakula kizima, machozi yakamlengalenga. "Haki yako usile, Maulana," akasema. "Mwenye kulijua jambo kama hilo atakula vipi?" Akatoka akijifuta kwa kanga ya jikoni. 

Asubuhi kinyozi akaja kumnyoa, akamshika bega akasema, "Pole sana, Maulana."

"Pole ya nini?"

"Ya hilo unalolijua."

Na alipopita uani, wajakazi waliokuwa wakicheka wakanyamaza, wakamtazama kwa namna ambayo hajapata kutazamwa: si kwa hofu, bali kwa kushangaa moyo wake umeumbwa na nini. Akatamani awaulize. Awaulizeje? Amekwisha kuujulisha mji mzima kwamba anajua. Ikawa yeye peke yake katika Kiwandeo ndiye asiyejua, na yeye peke yake ndiye asiyeruhusiwa kuambiwa. Hata mimi ninayesimulia nilimwonea huruma hapo.

Kabla adhuhuri haijaadhiniwa, akatoka kwa mguu, akamwacha mshika mwavuli kwenye pembe ya njia, akaenda mpaka mlangoni kwa Ngwali. Akapiga hodi. Vuai alikuwa ukumbini juu ya mkeka, anakula muhogo wa nazi.

"Karibu, Maulana. Kifungo kinaendelea vizuri."

Sultani akaketi kwenye mkeka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utoto. Akasema, "Vuai, tuseme kuna mtu. Si mimi, mtu mwingine. Tuseme mtu huyo hakulijua jambo fulani, na watu wakadhani analijua. Je, mtu huyo..."

"Huyo mtu mwingine na aje mwenyewe, Maulana. Nitamweleza kwa furaha."

"Nakuamuru useme."

"Nikuambie unalolijua? Nitafungwa mara ya pili, na sijui nitafungwa kwa nani. Huenda mke wake hajui kupika."

 Nje kuku walikuwa wakipekua taka. Akavua kilemba akakiweka magotini, na kichwa chake kikaonekana kidogo kuliko watu walivyodhani. Akasema neno, lakini kwa sauti ya chini sana, na kwa kuwa kinywa chake hakikuwa na mazoea nalo lilimtoka vibaya.

"Sijui."

Vuai hakucheka. Akasukuma sahani, akanawa mikono, akaita, "Ngwali, bwana, njoo. Unaulizwa."

Ngwali akaja, akapiga magoti karibu na sikio la Sultani kama alivyoapa, naye, kwa kuwa mtu hawezi kujiumba upya, akaanza hivi: "Maulana, habari ni njema, ila..."

Akasita kwa mazoea, akingoja upatu. Sultani hakusema kitu. Akangoja, ameinamisha kichwa, ikawa ndiyo mara ya kwanza katika utawala wake.

"...ila Bibi macho yake yanazimika. Alinituma nikwambie uende aone uso wako kabla hayajazimika kabisa."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya vuli, Maulana."

Sultani akajifunika uso kwa mikono miwili, akalia mbele yao, na hakuna aliyemzuia. Alipomaliza akainuka, akasahau kilemba, akarudi kukichukua. Akamwambia Ngwali, "Nisamehe. Ulikuwa mkweli nikakuita mwongo." Ngwali akasema yamekwisha. Mize naye, ambaye kwake hayakuwa yamekwisha sana, akasema, "Maulana, kabla hujaenda, mwambie lile 'basi' huyu mfungwa wako. Anakula mno."

Sultani akamtazama Vuai, na katikati ya machozi yake kicheko kikampasuka, kicheko cha kweli chenye kukwaruza koo. "Sitamwambia," akasema. "Akae. Lakini kuanzia leo chakula cha nyumba hii, cha Ngwali, na chako, na chake huyu, kitatoka jikoni kwangu. Na ule upatu nitauleta, mfunikie mtungi."

Akaondoka saa ile ile juu ya punda, bila mwavuli, bila Waziri. Akalala njiani, na asubuhi jua likiwa limepanda akafika Bungala.

Bibi Mwanakheri alikuwa ameketi kibarazani na ungo wa mchele mapajani, anachambua mawe kwa ncha za vidole, uso ameuinua kuelekea miti. Sultani akasimama mbele yake, karibu kabisa, mahali ambapo mtu yeyote angemwona.

"Hodi," akasema.

"Karibu. Nani mwenzangu?"

Sultani akajibu, "Ni mimi, mama."

Vidole vya Bibi vikasimama ndani ya mchele. "Sogea kwenye mwanga," akasema. Akasogea. "Kaa chini." Akakaa. Bibi akamtazama kwa muda mrefu, akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. "Naona kitu cheupe, nadhani ni kilemba. Na chini yake naona uso. Lakini sijui kama ndio nauona, au naukumbuka tu." Akanyoosha mkono wenye vumbi la mchele, akaupitisha kwenye paji la uso, puani, kidevuni penye kovu la utotoni. Hapo akatulia. "Ndiwe," akasema.

Wakakaa hivyo. Baadaye Bibi, kwa kuwa amelelewa, akauliza, "Habari za mji, mwanangu?"

Kinywa cha Sultani kikafunguka chenyewe, na ile njema ilikuwa imekwisha kufika menoni. Akaizuia.

"Sijui, mama," akasema. "Nikirudi nitauliza."

Bibi akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Hilo sijapata kulisikia kwako tangu ulipoanza kusema." Kisha akarudia mchele wake, akasema bila kumgeukia, "Nilijua utakuja."

"Ulijuaje, mama?"

Bibi akapata kijiwe, akakitupa uani, akafikiri kidogo, maana hakupenda kumwambia mwanawe uongo siku kama ile.

"Kusema kweli sikujua," akasema. "Niliamini tu. Ningalijua, ningalimtuma Ngwali wa nini?"

Sultani akavuta ungo upande wake, akaanza kuchambua pamoja naye, polepole, akiuliza kila punje yenye shaka kama ni mchele au ni jiwe.